Kichwamoto cha Kwanza

Mlango wangu mimi haufunguliwi ovyo. Majirani wa hapa Mlandege wanalijua hilo, na hata kijana wa bodaboda anayeniletea mkaa husimama nje ya geti, anataja jina lake, anataja na la mama yake, ndipo nanyanyuka. Wanasema bibi yule anakishuku hata kivuli chake. Waseme. Nimeshavuka miaka themanini na mitano na sijawahi kuibiwa hata mwiko. Kwa hiyo mwaka jana, mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imenikalia magotini, mwanamke mtu mzima alipobisha hodi huku amebeba ndoo ya plastiki iliyojaa udongo, nilianza kwa kumchungulia kando ya pazia. Viatu vyake vilijaa vumbi la safari. Udongo kwenye ndoo! Nikajua ni walewale wauza mizizi, ukiwakaribisha kiti wanakutajia ugonjwa ambao huna. Nikamwuliza kwa ndani, "Nani?" Akajibu kwa adabu, "Shikamoo Mama. Naitwa Subilaga, natokea Chunya." Nikamwambia Chunya sina mtu. Akatua ndoo chini, akasema, "Mimi ni mtoto wa Sekela." Nikaachia pazia. Jina hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu mwingine kwa zaidi ya miaka sitini.

Nilimfungulia, nikampa chai na viazi vitamu, nikakaa nikimtazama anavyokula. Aliniita Mama Mkubwa bila kuuliza kama naruhusu. Alisema mama yake amefariki mwezi wa nne, na kabla hajafa alimwagiza anitafute. Ndani ya ndoo, chini ya udongo, kulikuwa na mizizi mitatu minene, umbo lake kama vitunguu vikubwa. "Mama alisema hakuna mtu aliyehangaika na ua hili kama wewe," akaniambia. "Alisema nikuletee, upande hapo mlangoni." Mimi nikawa nangoja. Nilisema moyoni, sasa atataja shida yake. Ada ya mjukuu, au tiketi ya kurudia. Hakutaja. Aliosha kikombe mwenyewe, akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha gazeti, akaondoka. Nilibaki naitazama ile ndoo mpaka chai yangu ikapoa. Zawadi ya marehemu kwa mtu kama mimi si kitu cha kupokea hivihivi. Usiku na mchana nilijiuliza swali moja: Sekela alikuwa ananishukuru, au alikuwa ananiambia anajua?

Sasa niandike habari za mwaka ule. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilivyofika kwa Shangazi kule juu Uporoto, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Mbeya mjini, ni mambo ya wazee, siyaingizi hapa. Ninachokikumbuka ni chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma, kuta za udongo, na kati yetu na chumba cha Shangazi na bwana wake palikuwa na ukuta wa mianzi iliyopasuliwa, usiozuia hata mguno. Kitanda kilikuwa kimoja, cha mianzi pia, na tulikilalia wawili, mimi na Sekela. Yeye alikuwa mtoto wa kaka yake bwana wa Shangazi, tulilingana umri. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya mzuri, na alikuwa na tabia iliyoniudhi sana: alimwamini kila mtu. Mchuuzi akimwambia kanga hii haichuji, anaamini. Mtoto akimwambia kuku wamerudi wote, anaamini, mimi natoka kwenda kuhesabu. Usiku tulifunikwa blanketi moja, miguu yake ya baridi ikitafuta ya kwangu, na tuliongea mpaka Shangazi agonge mianzi kwa kijiti na kusema, "Nyie kasuku, kesho pareto itachumwa na nani?"

Nilikuwa na barua chini ya godoro. Hospitali moja ya misheni, upande wa Iringa, ilikuwa tayari kunichukua kujifunza uuguzi kuanzia Januari, kwa sharti kwamba niwe sijaolewa. Na mimi nilikwisha poswa. Mchumba wangu alikuwa Asajile, karani Mbeya mjini, kijana mpole asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba sikumtaka. Nilikwisha kusema simtaki, nataka uuguzi, nikaulizwa nani kakuuliza. Ndoa yetu ingefungwa Jumapili ya tatu ya Novemba, siku mchungaji atakapopanda kwetu kwa mara ya mwisho mwaka ule. Sekela naye angefunga yake siku hiyohiyo na Ambakisye, aliyekuwa machimboni Chunya akichimba dhahabu ya watu. Kulikuwa na jozi tano kwa jumla. Watu walikuwa wakituita wanaharusi, na kila nikiitwa hivyo nilihisi kama mtu anafunga mlango nami niko ndani.

Kijiji kile kilikuwa na utaratibu ambao sijaukuta mahali pengine. Harusi zilianza baada ya mavuno, zikaendelea hadi siku kichwamoto cha kwanza kinapoonekana. Kichwamoto ni ua jekundu la mviringo, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, linalopasua ardhi iliyoungua na kutoka peke yake, bila jani hata moja. Jani linakuja baadaye. Mwaka wote hulioni. Nyasi za mlimani zikishachomwa na mvua ikiwa njiani, linachomoza. Yeyote atakayeliona la kwanza analichuma na kulilaza kwenye kizingiti cha Bibi Mbegu. Jina lake hasa sikupata kulijua. Alikuwa kikongwe mkali, mwenye kikohozi, na ndiye aliyetunza vikapu vya mbegu za ulezi darini kwake, kwenye moshi. Akilikuta ua, anatoka na jembe, analigonga kwa jiwe, na tangu saa hiyo ulezi hautoki tena kwa sherehe wala kwa togwa. Ni wa kupanda tu. Harusi ambayo haijafungwa inangoja mavuno mengine. Wakati mmoja mchungaji alijaribu kubishana na utaratibu huo. Alifungisha ndoa baada ya jembe kulia, wakahudhuria yeye, maharusi na mbwa wa kanisa. Hakurudia tena.

Jioni moja, mwanzoni mwa Oktoba, tukiwa kitandani, nilimsikia bwana wa Shangazi akisema ng'ambo ya mianzi, "Mimi nasema mapema. Jumapili hiyo ikipita bila ndoa, huyu wa kwenu simlishi mpaka mavuno. Aende hukohuko kwa wauguzi wake." Shangazi akacheka. "Haitapita. Mwaka huu moto uliwashwa kwa kuchelewa. Kichwamoto nacho kitachelewa." Basi pale pale usingizi ukaniruka. Nilimtikisa Sekela. Nikamnong'oneza kila kitu, maana nilikuwa na furaha hata sikuweza kuimeza peke yangu: tukilipata ua kabla ya Jumapili ile, nimepona. Kila siku tunapanda kutafuta kuni. Basi tutafute na ua. Sekela alivuta blanketi hadi kidevuni. Kisha akasema, "Mh." Nami nikachukulia kuwa amekubali. Kwamba ua langu lingeahirisha na harusi yake, niliwaza, lakini niliwaza juujuu tu. Angoje mpaka Julai, kuna ubaya gani? Ambakisye si ndizi, hataoza.

Tukaanza. Sijui kama kuna kitu nimekipenda maishani kama asubuhi zile, na ninasema hivyo nikijua zilikwishaje. Mlima ulikuwa mweusi tii, majivu yakitimka kila tunapokanyaga, na kwa mbali ulidhani hakuna uhai. Ukiinama ndipo unaona. Kwanza yalikuja maua madogo ya njano, yamelala chini kabisa kana kwamba yanaogopa kuonekana. Wiki iliyofuata yakaja meupe yenye shina jembamba, halafu ya zambarau yaliyofanana na mdomo wa mtoto anayetaka kulia. Nilijifunza kutafuta. Usiangalie rangi, maana rangi ikionekana umeshachelewa, angalia ufa. Majivu yanapoinuka kidogo na kupasuka kama ukoko wa ugali, chini yake kuna kitu. Panda jua likiwa bado chini, upige jicho kwa ubavu, kila kilichoinuka kinatupa kivuli. Tafuta upande unaopata jua la asubuhi, na chini ya mawe, ambako umande unadondoka. Mimi nilitangulia upande wa juu, Sekela akanifuata upande wa chini, tukiitana. Tulirudi na kuni kichwani na masizi mpaka kwenye kope, Shangazi akituuliza kama tunatafuta kuni au tunatafuta kuzimu.

Wiki ya nne nikakuta shina. Lilikuwa karibu na jiwe kubwa, nene kama kidole gumba, lina madoa mekundu chini, na kichwa hakipo. Kilikuwa kimekatwa. Nikaligusa, bado linatoa majimaji. Kichwamoto kilikwisha kutoka, na mtu amekichuma, na jembe la Bibi Mbegu halijalia. Siku ya tatu nikakuta jingine. Baada ya siku mbili, jingine. Kulikuwa na mtu aliyenitangulia mlimani, anayavunja maua na kuyatupa, ili msimu usifungwe. Nani? Hapo ndipo tabia yangu hii ilipozaliwa, au kama ilikuwepo, ndipo ilipoota meno. Nilimshuku Shangazi, kwa sababu alikuwa amekwisha loweka ulezi wa togwa na asingependa uharibike. Nilimshuku Mama Asajile, mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye alikuwa akija kwetu kila mara, anakaa jikoni na kunipima kwa macho kama mtu anayenunua ndama. Nilimshuku hata Bibi Mbegu. Nilifunga mafundo ya nyasi kukatisha njia zote tatu za kupandia, ili atakayepita kabla yetu akate fundo. Kila asubuhi mafundo yalikuwa mazima. Lo, nilivyochanganyikiwa! Nilikuwa nayafunga nikiwa na Sekela, naye akinishikia nyasi.

Nilianza kuangalia kila mtu. Sekela mwenyewe alikuwa amebadilika, nami nikayahesabu mabadiliko yake moja moja. Alikuwa akiamka kabla ya wote na kutokea mlango wa nyuma. Nikadhani anaiba maziwa ya mgando. Nikamfuata siku moja, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya kichaka cha mianzi, anajifuta mdomo. Akasema jana alikula kiazi kibichi. Alikuwa akibandua udongo wa ukutani, upande wake wa kitanda, na kuula. Nilidhani anatoboa tundu la kuchungulia. Jumamosi moja nikamwona Mama Asajile akimkabidhi kifurushi kwa uficho, jikoni, nami nimesimama uani na ndoo. Usiku ule Sekela alipolala nilipapasa chini ya godoro upande wake. Kitambaa kipya! Kitambaa kizuri cha maua, bado kina harufu ya duka. Sikusema kitu. Nililala nikimpa mgongo, miguu yake ya baridi ilipokuja nikaisogeza ya kwangu.

Jumatano iliyofuata tulikula ugali wa ulezi na kunde. Nakumbuka sufuria lilivyokuwa likifuka moshi, na Shangazi akimsimulia bwana wake habari za mchungaji, kwamba ametuma salamu na kusema atafika bila shaka. Sekela alimega tonge la kwanza, akaliachia. Akamega tena, akavuta pumzi kwa meno. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, vyekundu, na chini ya kanga alikuwa anavisugua. Shangazi akauliza, "Vipi wewe?" Akasema ni pareto. Lakini mimi nilikuwa nachuma pareto shamba lilelile, na vidole vyangu havikuwa na neno. Utomvu wa kichwamoto unawasha kama upupu. Kila mtu wa kijiji kile alijua, ndiyo maana watoto hukatazwa kukichezea. Yule niliyelala naye blanketi moja, niliyemnong'oneza siri yangu nzima, ndiye alikuwa akitembea nyuma yangu na kuyavunja maua yangu.

Kesho yake nilingoja mpaka tufike juu kabisa, pasipo mtu. Nikamwambia, "Lete mkono." Hakuuleta. Akakaa juu ya jiwe, akasema, "Basi umeshajua." Nilimwaga yote. Nilimwambia Mama Asajile amemnunua kwa kitambaa cha dukani, ili mimi niozwe na yeye apate la kuvaa. Akanishangaa kweli.

"Kitambaa kimetoka kwa Ambakisye," akasema. "Alimpa Asajile huko Mbeya mjini, Asajile akamtuma mama yake. Kwani kuna dhambi?"

"Mbona ulikificha chini ya godoro?"

"Na barua yako iko wapi, Damari?"

Swali hilo likanizidishia hasira. Nikamwambia aseme kwa nini anayavunja. Akatazama bondeni. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake ilikuwa tulivu. "Nina mimba. Miezi mitatu sasa. Ambakisye alipokuja kwenye msiba wa bibi yake, mwezi wa nane. Hii Jumapili ikinipita, mavuno yatanikuta nina mtoto mgongoni na sina ndoa. Baba atanitoa nyumbani, na kanisani nitakaa benchi la nyuma hadi nizeeke. Zimebaki siku kumi tu. Niachie siku kumi, Damari, nakuomba."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Siku mbili tu alizokaa hapa? Thubutu! Mimba ya siku mbili!" Mimi, msichana ambaye sikuwa nimeguswa hata mkono, ndiye niliyekuwa mjuzi wa mambo hayo. Nikamwambia aape. Akaapa. Nikasema moyoni, na mtu anayedanganya huapa vilevile. Niliona yote yamepangwa vizuri mno: anasubiri nimkamate, halafu ana hadithi ya kuniliza, nami niache ua, niozwe, barua yangu iliwe na panya. Tulikuwa tumesimama hivyo, hatutazamani, nilipouona ufa. Ulikuwa kati ya mawe mawili, hatua tatu kutoka alipokaa. Majivu yameinuka, na katikati ncha nyekundu, haijafunguka. Na yeye aliuona. Hakunyoosha mkono. Angeweza kukivunja mbele yangu, nami nisingeweza kumzuia, alikuwa na nguvu kunishinda. Badala yake alisema, "Tukiache. Kitafunguka chenyewe, na wengine wakikiona basi, lakini tusikipeleke sisi." Nikamwambia, "Sawa." Nikampa mkono kabisa. Akaniamini, tukateremka, na njiani akanisaidia kubeba kuni zangu.

Jumamosi, kulipokuwa kunapambazuka na Sekela akiwa nyuma ya mianzi na maradhi yake ya asubuhi, nilipanda peke yangu. Ukungu ulikuwa mzito hata mawe nikayatafuta kwa miguu. Kilikuwa kimefunguka chote, jinsi kilivyokuwa chekundu kwenye majivu yale sijui niseme nini. Nilikichuma. Nikakifunga ndani ya kanga, nikateremka kwa kuzunguka njia ya mbuzi, nikakilaza kwenye kizingiti cha Bibi Mbegu. Ndani nilimsikia akikohoa na kupuliza moto. Nikakimbia. Nilipofika nyumbani bado wanakamua, hakuna aliyeniuliza kitu.

Tulikuwa tumekaa jikoni kula, viazi vya kuchemsha na maziwa, jembe likalia. Ngo, ngo, ngo. Shangazi akaachia kifuniko. Bwana wake akatoka nje, akarudi na ukungu kwenye nywele, akasema ni kichwamoto kweli, ameviona na vikapu vinashushwa. "Nani kakileta?" Shangazi akauliza. Akajibu kwamba Bibi Mbegu kaulizwa hivyohivyo, naye kasema ua halina jina la mtu. Sekela alikuwa amesimama na birika la kutunawisha. Alimnawisha bwana wa Shangazi, akamnawisha Shangazi mwenyewe, akafika kwangu. Mimi nikasema, bila kuulizwa, "Labda wachunga mbuzi." Akanimiminia maji. Alinimiminia mengi kuliko wengine, polepole, mpaka birika likaisha. Kisha akasema, "Labda," akaenda kuteka mengine.

Krismasi ilipofika hapakuwa na haja ya kiapo. Gauni lilisema lenyewe. Siku nilipouona ule mduara wa tumbo la Sekela, akiwa amejinyoosha kuanika unga juani, niliacha nilichokuwa nafanya nikaingia ndani. Nilikuwa nimeambiwa ukweli mtupu, uso kwa uso, nami nikaushuku. Baba yake alikuja kwa Shangazi akapiga kelele siku mbili. Kanisani walilisoma jina lake mbele ya wote, wakamtenga. Ikaamuliwa apelekwe Chunya kwa lori la mfanyabiashara mmoja, akamtafute huyo Ambakisye wake, na Subilaga ameniambia juzi kilichofuata: Ambakisye alikuwa amekwisha hamia Rhodesia ya Kaskazini, hakuonekana tena. Sekela alijifungua kwenye kibanda cha mwanamke aliyekuwa akiwapikia wachimbaji, akabaki palepale, akawapikia yeye. Hakuolewa. Mimi niliondoka siku chache kabla yake, mwanzo wa Januari, na boksi la bati kichwani. Bwana wa Shangazi alitimiza neno lake. Sekela alinisindikiza hadi barabarani, tumbo limetangulia, akanipa viazi vimefungwa kwenye jani, bado vya moto. Nilitaka kusema. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Ndaga, Sekela." Asante tu, basi.

Nimekuwa mkunga miaka thelathini na minane. Wasichana wangapi wamepita mikononi mwangu, wasio na pete, wanatetemeka, wanangoja nesi awaulize baba wa mtoto ni nani. Sikuwauliza. Wenzangu walidhani ni upole wangu. Watu wazima, madereva, mafundi, wakwe, serikali, wote niliwashuku na ninawashuku bado, lakini msichana akiniambia ana mimba nilimwamini papo hapo, hata kabla sijampima. Asajile alioa mwingine, nasikia walikuwa na furaha. Sikumwandikia Sekela. Nilijua yuko Chunya, ni safari ya siku mbili kwa basi, nami nikajiambia kila mwaka kwamba barabara ni mbaya.

Ile mizizi niliipanda, kwenye debe, hapo mlangoni. Miezi mitano sikuona kitu ila udongo, nikasema wamenipa vitunguu. Novemba, baada ya mvua ya kwanza, nilitoka kufagia nikaona ufa. Nilikaa na kigoda changu siku nne nikilinda kuku wa jirani wasiparue. Siku ya tano kilikuwa kimefunguka chote, hapa Mlandege, kwenye debe la mafuta ya kula. Nikatafuta kipande cha gazeti, nikampa mjukuu wa jirani abonyeze namba, nikamtoa nje na kufunga mlango.

"Kimechanua," nikasema.

"Afadhali, Mama Mkubwa!" Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anatwanga. Nikamwambia, "Mwanangu, nina neno. Siku ile hawakuwa wachunga mbuzi. Mama yako aliniomba siku kumi nami nikampa mkono. Halafu nikakipeleka mimi." Mchi ule ukaendelea kutwanga. Mimi huku nilikuwa nangoja kutukanwa, na ningetukanwa ningeona nafuu.

"Najua," Subilaga akasema. "Mama alisema, asiposema mwenyewe, usimwulize."

Nikamwuliza kwa shida mama yake alijua tangu lini. Akasema tangu asubuhi ileile. "Alisema ulikuwa unajikuna vidole, Mama Mkubwa. Kwa hiyo akakumiminia maji yote ya baridi yaliyokuwemo kwenye birika."